Muuzaji anasema i7 ni kubwa kuliko i5: nichukue kompyuta ipi kwa masomo ya ubunifu?

SWALI

Shikamoo mshauri,

Nimeanza mwaka wa kwanza wa ubunifu wa michoro. Chuoni tunatumia Photoshop, Illustrator, InDesign na Figma, na kwenye orodha ya masomo ya mwaka wa pili nimeona Premiere Pro na Blender. Maabara ya kompyuta ipo, lakini hufungwa jioni, na kazi nyingi tunapewa za kufanyia nyumbani. Mama amenitengea kiasi fulani cha kununua kompyuta mpakato, na kikiisha kimeisha.

Nimezunguka madukani nikabaki na mashine nne. Ya kwanza ni mpya, bado iko kwenye boksi: inchi 15.6, Celeron N4020, RAM GB 4, diski ngumu ya TB 1. Ya pili imetumika: Core i7-6600U, RAM GB 16, SSD GB 256, skrini ya kugusa. Ya tatu nayo imetumika: Core i5-8350U, RAM GB 8, SSD GB 256, na bei yake iko chini kidogo ya ile ya pili. Muuzaji ananisukuma nichukue ya pili. Anasema i7 ni kubwa kuliko i5, RAM ni mara mbili, sasa nafikiria nini tena? Ya nne ni ya michezo: Core i5-10300H, kadi ya grafiki GTX 1650 ya GB 4, RAM GB 8, SSD GB 512. Hiyo inavuka bajeti. Nikiitaka, itabidi nisubiri karibu muhula mzima mama aongezee.

Halafu kuna binamu yangu, anayefanya kazi hizihizi, anayesema zote nne niachane nazo kwa sababu mbunifu bila MacBook si mbunifu. Nimechanganyikiwa. Nichukue ipi, na nikirudi dukani nikague nini ili nisiuziwe mbuzi kwenye gunia?

Mbunifu Mchanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Chukua ya tatu, ile ya i5-8350U, na pesa utakayookoa kwa kuiacha i7 ielekeze kwenye kipande cha RAM cha GB 8. Jibu hili lina masharti mawili: mashine iwe na sloti ya kuongezea RAM, na skrini yake isiwe ya zile zenye rangi zilizofifia. Yote mawili yanakaguliwa hapohapo dukani.

Muuzaji amekupa nusu ya hesabu. Hizo i3, i5 na i7 zinaonyesha cheo cha prosesa ndani ya kizazi chake tu. Kizazi chenyewe kimo kwenye tarakimu zinazofuata: 6600U ni ya kizazi cha 6, 8350U ni ya kizazi cha 8, 10300H ni ya kizazi cha 10. Aliyeongoza darasa la nne hashindanishwi na mtu wa tano wa kidato cha tatu. Na vizazi hivi viwili ulivyoletewa viko pande mbili za mpaka muhimu. Hadi kizazi cha 7, prosesa za Intel zenye herufi U, hizi za mashine nyembamba, zilikuwa na viini 2 tu (cores, sehemu zinazofanya hesabu), hata zikiitwa i7. Kizazi cha 8 ndicho kilichozipandisha i5 na i7 za U hadi viini 4. Kwa hiyo i7-6600U yako ina viini 2 na nyuzi 4 (threads, yaani kazi inazoshika kwa wakati mmoja), wakati i5-8350U ina viini 4 na nyuzi 8. Tofauti hiyo hutaiona ukiandika barua. Utaiona ukisafirisha PDF ya kurasa 40 kutoka InDesign huku Illustrator iko wazi, na utaiona zaidi siku utakapoanza kurenda, yaani kuiachia kompyuta itoe picha au video ya mwisho.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hakukwambia. Windows 11 rasmi inahitaji, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu isipokuwa chache, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ile i7 inaweza kulazimishiwa Windows 11 kwa njia za mlango wa nyuma, na huenda ndivyo ilivyofanywa hapo dukani, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo. Nao watengenezaji wa programu za ubunifu kila mwaka huacha nyuma matoleo ya zamani ya Windows. Unaanza masomo ya miaka kadhaa. Usianze na mashine iliyokwisha kuachwa na mfumo wake.

Ukiletewa nyingine tofauti na hizi, angalia mitego ya majina. i5-1035G1 ni ya kizazi cha 10, si cha 1. i5-1235U ni ya kizazi cha 12. Kwa AMD, Ryzen 5 7520U inasikika mpya kuliko Ryzen 5 5500U, lakini ya kwanza ina viini 4 na ya pili ina viini 6, na zote mbili zimejengwa juu ya usanifu uleule wa Zen 2. Kwa kazi yako 5500U ndiyo ya kuchukua.

Ile Celeron mpya iache ilipo. N4020 ina viini 2 vyenye kasi ya msingi ya GHz 1.1, na Intel wenyewe wameipangia RAM isiyozidi GB 8. Photoshop inataka RAM ya GB 8 kama kiwango cha chini kabisa. Wewe ungeanza na 4, juu ya diski ngumu inayozunguka. Ni mashine nzuri ya kusomea barua pepe. Dhamana ya mwaka mmoja haitaifanya ifungue bango lako.

Sasa RAM, maana ndipo pesa yako ya ziada itakapokwenda. Chukua bango la A3 kwa dpi 300: ni pikseli 3508 kwa 4961, yaani pikseli milioni 17.4. Katika CMYK ya biti 8 kila pikseli inakula baiti 4, kwa hiyo leya moja iliyojaa ni takriban MB 70. Leya 20 za namna hiyo ni GB 1.4. Ukifanya kazi kwa biti 16 inakuwa GB 2.8, na hapo bado historia ya hatua ulizofanya, ambayo Photoshop kwa kawaida hutunza hatua 50. Leya yenye mchoro mdogo katikati ya uwazi hula kidogo kuliko hapo, lakini mabango ya wanafunzi huwa na mapicha makubwa yaliyopandana. Kwenye mashine ya GB 8, Windows na kivinjari chenye tabo chache vinaweza kuondoka na GB 4, na grafiki za ndani ya prosesa nazo zinaazima kutoka RAM hiyohiyo. Kinachobaki hakitoshi kufungua InDesign pembeni. Adobe wanapendekeza GB 16 kwa Photoshop na Illustrator, na hapo hawajatia chumvi. Figma nayo usiidharau kwa kuwa inafunguka kwenye kivinjari: tabo moja inaweza kutumia hadi GB 2 kabla haijagoma.

Uliza basi kama RAM ya hiyo i5 inaongezeka. Prosesa ya 8350U hukaa zaidi kwenye kompyuta za maofisini, na nyingi za jamii hiyo zina sloti mbili: Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 7490, HP EliteBook 840 G5. Lakini T480s, tofauti ya herufi moja tu, ina sehemu ya RAM iliyochomelewa kwenye ubao na sloti moja, na ThinkPad X1 Carbon imechomelewa yote. Usitegemee neno la mtu. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha Memory, usome mstari wa Slots used. Ukiona 1 of 2, umepata: unachomeka kipande cha pili cha GB 8 na basi. Ukiona 2 of 2, maana yake kuna vipande viwili vya GB 4. Itabidi utoe kimoja uweke cha GB 8 upate 12, au utoe vyote viwili. Hilo libadilishe bei unayokubali kulipa.

Kipande unachonunua kiwe DDR4 SODIMM. Cha DDR5 hakiingii. Pini zake ni 262 badala ya 260 na mkato wake uko mahali pengine, kwa hiyo usikubali mtu akisukume kwa nguvu. Kasi iliyoandikwa juu yake, 2666 au 3200, isikuumize kichwa kwa sababu mashine hii itaiendesha kwa 2400. Muhimu ni viwe vipande viwili vinavyolingana, 8 na 8. Grafiki za ndani hazina memori yao wenyewe, na RAM ikisomwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja zinapumua zaidi kuliko kwenye kipande kimoja cha GB 16.

SSD ya GB 256 inatosha kwa kuanzia, kwa nidhamu. Photoshop ikikosa RAM hukimbilia diski, na diski ikijaa inakataa kazi kwa ujumbe wa Scratch disks are full, mara nyingi usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Acha GB 50 wazi kila wakati. Kazi zilizokwisha zihamishie diski ya nje, lakini usifanyie kazi moja kwa moja kutoka kwenye flashi; ni polepole mno, na ikichomoka faili linaharibika. Kama siku moja Photoshop itagoma hata kufunguka kwa ajili ya diski kujaa, shikilia Ctrl na Alt wakati inaanza, utapata dirisha la kuchagua diski nyingine ya muda.

Skrini ndiyo sharti la pili, na ndipo kompyuta za maofisini huwaangusha wabunifu. Modeli moja iliuzwa na paneli, yaani vioo vya skrini, tofauti tofauti: mbili zinaweza kufanana nje kila kitu, moja ikawa na paneli nzuri na nyingine ya hovyo. Kwanza ubora wa pikseli: iwe 1920 kwa 1080. Zile za 1366 kwa 768 hazifikii hata kiwango cha chini cha Photoshop, ambacho ni 1280 kwa 800, kwa sababu kimo chake ni pungufu. Paneli za zana zinakatika chini. Pili aina: IPS, si TN. Inamisha kioo mbele na nyuma huku picha ya uso wa mtu iko wazi. Ngozi ikibadilika rangi au sehemu nyeusi zikigeuka kijivu, hiyo ni TN, na huwezi kuiamini kwa lolote linalohusu rangi.

Tatu, upana wa rangi. Kwenye maelezo ya paneli utakutana na 45% NTSC au 72% NTSC. Ya 72% ni takriban sRGB nzima, kipimo cha kawaida cha rangi za skrini na mtandao, na hiyo ndiyo unayoitaka. Ya 45% inafika kidogo zaidi ya asilimia 60 ya sRGB. Ubaya wake si kwamba picha inaonekana mbaya kwako tu. Nyekundu inaonekana imepauka, unaiongeza nguvu, kisha mteja anafungua kwenye simu yake na nyekundu inapiga kelele. Kujua paneli iliyomo, fungua programu ya bure ya HWiNFO, sehemu ya Monitor, chukua modeli ya paneli na uitafute mtandaoni. Ikitokea ya 45% na kila kitu kingine ni sawa, bado unaweza kuichukua kwa bei iliyopungua, kisha baadaye ununue monita ya nje ya IPS yenye sRGB kamili. Monita moja ya inchi 24 itakutumikia hata baada ya kompyuta hii kuzeeka.

Skrini ya kugusa kwenye ile i7, kwa njia, haikupi chochote cha kuchorea. Kugusa kwa kidole hakusomi mkandamizo wa kalamu. Kibao kidogo cha kuchorea chenye kalamu kitakufaa zaidi.

Tuje kwenye ile ya nne, kwa kuwa kishawishi chake kina sababu. GTX 1650 ingekusaidia kweli katika vitu viwili: Blender na video. Cycles, injini ya kurenda ya Blender, inajua kutumia kadi za NVIDIA kupitia CUDA na OptiX, njia za NVIDIA wenyewe za kuipa kadi hesabu. Haijui kutumia grafiki za UHD 620 zilizomo kwenye i5-8350U, kwa hiyo huko utarenda kwa prosesa, na utasubiri. Lakini hesabu vizuri unachopata. Kadi ile ina GB 4. Teksta moja, yaani picha ya kufunika umbo la 3D, ya 4096 kwa 4096 inakula MB 64 ikiwa kwenye kadi, kwa hiyo 20 ni GB 1.3 kabla ya kitu kingine chochote kwenye eneo lako. Kwa mazoezi ya mwaka wa pili inatosha, kwa kazi nzito itabana. Prosesa yake ni viini 4 na nyuzi 8 kama ile ya tatu, ila ina umeme mwingi zaidi na haipungui kasi upesi. RAM nayo ni ileile GB 8, kwa hiyo bado ungehitaji kuongeza. Juu ya hapo mashine za michezo za bei ya chini mara nyingi zimewekewa paneli ya 45%. Hiyo 120 au 144 Hz wanayoitangaza ni kasi ya kuonyesha picha, haina uhusiano na rangi. Weka uzito wa kilo mbili na zaidi, chaja kama tofali, na betri isiyomaliza asubuhi.

Ningekuambia usubiri kama ungekuwa unasomea uhuishaji wa 3D. Wewe unasomea ubunifu wa michoro wenye kozi ya Blender ndani yake. Kukaa muhula mzima bila mashine, huku wenzako wanajenga mikono yao kwenye Illustrator kila usiku, ni hasara kubwa kuliko dakika utakazosubiri Cycles mwakani. Kama mwaka wa pili utagundua 3D ndiyo yako, hii utaiuza na utanunua yenye RTX ukiwa unajua unachotafuta.

Binamu yako mwambie ana nusu ya haki. MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 iliyotumika ni mashine nzuri kwa programu zote ulizotaja. Skrini yake ina rangi pana, haina feni, na betri inakaa. Lakini RAM na diski zimechomelewa, kwa hiyo ya GB 8 na 256 itabaki hivyo hadi mwisho wake. Revit na 3ds Max hazina toleo la Mac, endapo utahamia usanifu wa ndani. Ukiipata ya GB 16 ndani ya bajeti, ichukue bila kujiuliza, mradi iwe imetolewa kwenye akaunti ya mwenye nayo wa kwanza: Activation Lock, kufuli la Apple la akaunti hiyo, ikibaki, umenunua bati. Ya GB 8 kwa bei kubwa kuliko i5 yenye GB 16, ipite.

Dukani nenda na flashi yenye HWiNFO, CrystalDiskInfo na Cinebench R23, na faili lako moja zito. Nenda na muda pia. Anza na betri: fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili la HTML ambalo itakuonyesha limehifadhiwa wapi. Linganisha Design capacity na Full charge capacity. Kama betri iliundwa kwa mWh 48,000 na sasa inajaa hadi 31,000, imebaki na asilimia 65 hivi. Inatumika, lakini dai punguzo. Chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya mashine. CrystalDiskInfo itakupa afya ya SSD kwa asilimia. Ikiandika Caution, SSD ibadilishwe kabla hujalipa.

Kisha iendeshe Cinebench, programu ya kuichosha prosesa, dakika 10 huku HWiNFO iko wazi. Prosesa hii hupanda hadi GHz 3.6 kwa muda mfupi, halafu joto na umeme vinaishusha. Kutulia kwenye GHz 2 na kitu ni kawaida yake. Ikishuka chini ya 1.7, ambayo ndiyo kasi yake ya msingi, au joto likigota kwenye nyuzijoto 97 tangu dakika ya kwanza, feni imejaa vumbi au mafuta ya kupitishia joto kati ya prosesa na kipoozeo yamekauka. Yanatengenezeka, lakini atengeneze yeye. Angalia na chaja: baadhi ya mashine za Dell zisipoitambua chaja hupunguza kasi ya prosesa kwa makusudi na kukataa kuchaji, na mnunuzi hubaki analaumu Windows.

Kufuli ni jambo ambalo wengi hulisahau, na ndilo lisilo na dawa nyepesi. Izime, iwashe, uingie BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows: F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ikikudai nenosiri ambalo muuzaji halijui, rudisha. Halafu mwombe aifute Windows na kuiweka upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti, hadi ufike kwenye hatua ya kuingiza akaunti. Kompyuta za makampuni husajiliwa kwa mbali. Kama haikufutwa kwenye orodha ya kampuni, hatua hiyo itakutaka uingie kwa barua pepe ya kazini ya watu usiowajua, na itarudia kukutaka kila utakapoiweka upya. Usikubali kuambiwa "usiunganishe tu intaneti wakati wa kuiweka".

Vilivyobaki ni vya macho na mikono: bonyeza kila kitufe cha kibodi ndani ya Notepad, chomeka flashi kila tundu, fungua na kufunga kioo usikilize bawaba, jaza skrini kwa nyeupe tupu kisha nyeusi tupu utafute pikseli zilizokufa na madoa.

Ukishaweka RAM ya pili, ingia Photoshop, Preferences, Performance. Memori iache kwenye asilimia 70 iliyopo, usiipandishe hadi 95 kama baadhi ya watu wanavyoelekeza; ukiinyima Windows, inaanza kuandika kwenye diski na kila kitu kinakwama. History States ishushe kutoka 50 hadi 20. Programu zilizovunjwa usiziguse: Affinity imekuwa ya bure tangu mwishoni mwa mwaka 2025, Blender na toleo la msingi la DaVinci Resolve ni bure, Figma ina mpango wa bure wa elimu, na Adobe wana bei ya wanafunzi.

Mwakani kwenye Premiere, tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi, za video zako kabla ya kuanza kukata na uweke uchezaji kwenye robo ya ubora. Prosesa yako ina kifaa cha ndani cha kusoma H.264, kwa hiyo kazi ya HD itakwenda. After Effects ndiyo itakayokubana, maana hiyo huanzia GB 16. Kwenye Blender, jenga na upange taa nyumbani, jaribu kurenda kwa asilimia 50 ya ukubwa na sampuli 128 ukiwa umewasha kiondoa chembe (Denoise), halafu renda ya mwisho ipeleke maabara. Kabla ya kuipeleka nenda File, External Data, Pack Resources, la sivyo utafungua faili kule ukute kila teksta imegeuka rangi ya waridi kali. Kwa InDesign kazi hiyo hufanywa na File, Package, ambayo hukusanya fonti na picha kwenye folda moja. Na ulizia maabara wanatumia toleo gani la InDesign: faili la toleo jipya linaweza kukataa kufunguka kwenye la zamani usipolihifadhi kama IDML, na hilo ni heri ulifanye ukiwa bado nyumbani.